Mama Hakuvuta, Binti Je?

Juma hili tunavuka bahari mpaka Marekani, kwenye nyumba za watu wenye asili ya Meksiko, Puerto Rico, Kuba, Jamhuri ya Dominika na nchi nyingine za Amerika ya Kati na ya Kusini. Watu hao huitwa Walatino. Wako wanaowaita Wahispania kwa ajili ya lugha yao, ijapokuwa wengi wao hawajapata kuiona Hispania kwa macho. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020, Walatino walioko Marekani walipindukia milioni 62.

Huenda msomaji akauliza: sisi na wao wapi na wapi? Tunajibu kwamba ni watu wa ukoo mpana kama sisi, watu wa bibi na shangazi, ambao mja mzito kwao si mali ya mumewe peke yake bali ni amana ya nyumba nzima. Tena ni wahamiaji, na sisi tunao watoto wetu walioolewa Ghuba, Uingereza na Kanada, ambao wanajifungua huko na kulea huko. Yaliyowapata mabinti wa Kilatino katika kizazi kimoja tu, khasa katika jambo la sigara na mimba, yafaa kujulikana na kila mwenye binti aliye mbali.

Tuanze na kitendawili. Mwaka 1986 watafiti wawili, Kyriakos Markides na Jeannine Coreil, walichapisha makala kuhusu afya ya Walatino wa majimbo ya kusini magharibi ya Marekani. Ilivyotarajiwa ni kwamba umaskini huzaa watoto dhaifu. Mama asiyekula vizuri, asiyesoma, anayechelewa kwenda kliniki na asiye na bima ya matibabu, aghalabu hujifungua mtoto mwenye uzito pungufu, yaani chini ya gramu 2500, na mtoto huyo huwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa kabla ya kutimiza mwaka. Sasa wanawake waliozaliwa Meksiko walikuwa na upungufu huo wote. Wengi wao walikuwa wakichuma matunda mashambani, wakifagia mahoteli, wakilea watoto wa wenzao. Lakini watoto wao walizaliwa na uzito mzuri, sawa na watoto wa wanawake wa Kizungu wenye mali na elimu, na pengine kuwazidi. Watafiti hawakupata neno jingine la kuliita jambo hilo ila kitendawili, na jina hilo limebaki katika vitabu vya afya hadi leo.

Majibu yaliyotolewa ni mengi. Wako waliosema kwamba anayethubutu kuhama ni yule mwenye afya, na wagonjwa hubaki kwao. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Wako waliotaja chakula cha maharage, mahindi na mboga walichokuja nacho kutoka vijijini. Wako waliotaja ukoo. Lakini katika majibu yote hayo, moja lina ushahidi ulio wazi, nalo ni kwamba wanawake hao hawakuwa wakivuta sigara.

Tutazame takwimu. Mwaka 2016, kati ya wanawake wote waliojifungua Marekani, asilimia 7.2 walivuta sigara wakiwa na mimba. Miongoni mwa wanawake wa asili ya Wahindi Wekundu na wenyeji wa Alaska ilikuwa asilimia 16.7, Wazungu asilimia 10.5, weusi asilimia 6.0, na Walatino asilimia 1.8 tu. Waliokuwa chini yao ni wanawake wenye asili ya Asia peke yao. Lakini hiyo asilimia 1.8 ni wastani, na wastani huficha mambo. Ndani yake yumo mwanamke aliyefika jana kutoka Meksiko, ambaye sigara hajapata kuishika, na yumo mjukuu wa mhamiaji aliyezaliwa Texas. Wamo pia wanawake wa Puerto Rico, kisiwa ambacho watu wake ni raia wa Marekani tangu mwaka 1917, na ambao wamezoeana na maisha ya New York kwa vizazi kadhaa. Hao wa Puerto Rico huvuta zaidi kuliko wenzao wa Meksiko, na watoto wao wenye uzito pungufu ni wengi zaidi. Lugha yao ni ile ile, na kwa wengi dini yao ya Kikatoliki ni ile ile, lakini majaaliwa ya watoto wao yametofautiana.

Ni vyema tufahamu moshi unafanya nini tumboni, kwani wako wanaodhani kuwa moshi huishia kifuani mwa mvutaji. Daktari aliyeliona jambo hili mapema ni Winea Simpson wa California, ambaye mwaka 1957 aliandika kwamba wanawake waliovuta sigara walijifungua watoto njiti zaidi kuliko wasiovuta. Leo njia yake inajulikana vizuri. Nikotini huibana mishipa ya damu, na damu inayofika kwenye kondo la nyuma hupungua. Kisha iko gesi ya kaboni monoksidi, ile ile inayoua watu waliojifungia chumbani na jiko la makaa. Gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayoipita oksijeni zaidi ya mara 200, basi damu ya mama ikipita kwenye kondo huwa imebeba mzigo usiomfaa mtoto, na oksijeni aliyokuwa akiingojea haimfikii kwa ukamilifu. Mtoto yule hukua kwa dhiki. Kwa wastani, mtoto wa mvutaji huzaliwa akiwa pungufu kwa kiasi cha gramu 200. Kwa mtoto wa kilo tatu na nusu gramu hizo huenda si neno, lakini kwa aliyekuja kabla ya miezi kutimia ndizo zinazotenganisha kupona na kutopona. Huongezeka pia hatari ya kondo kubanduka kabla ya wakati, hatari ya mtoto kuzaliwa na mdomo uliopasuka, na baadaye hatari ya kifo cha ghafla cha mtoto mchanga akiwa usingizini.

Upande wa pili wa habari hiyo ni wa furaha, na haukutajwa vya kutosha: mwanamke akiacha sigara mapema katika mimba, uzito wa mtoto wake hukaribia sana uzito wa mtoto wa mwanamke ambaye hakupata kuvuta. Na hata akiacha baadaye, ipo faida.

Sasa turudi kwa yule mama wa Meksiko. Alizuiwa na nini? Si bango la serikali, wala si daktari, kwani huyo daktari alimwona mara chache. Wala si kwamba tumbaku ilikuwa ngeni kwao. Tumbaku ilitoka katika bara lao. Sigara za Kuba zinajulikana dunia nzima. Na hilo neno letu ‘sigara’ chimbuko lake ni neno la Kihispania, cigarro. Wanaume wao walivuta na wanavuta. Aliyemzuia ni mama yake, na mama wa mumewe, na macho ya jirani. Kijijini kwao mwanamke mwenye heshima hakuonekana na sigara, na mja mzito alikuwa chini ya ulinzi wa wanawake wakubwa waliomwambia ale nini, asibebe nini, asipite wapi. Baadhi ya makatazo yao hayana msingi wa kitabibu, kama yalivyo baadhi ya makatazo ya bibi zetu juu ya mayai na kupatwa kwa mwezi. Lakini katazo la sigara lilikuwa na msingi, hata kabla wao wenyewe hawajaujua.

Msomaji atastaajabu zaidi akisikia jinsi wanavyomlea mzazi. Wana desturi iitwayo cuarentena, neno linalotokana na arobaini. Kwa siku 40 mzazi hupumzishwa, hufunikwa asipigwe na baridi, hunyweshwa supu ya kuku na uji wa mahindi wa moto, na kazi za nyumba hufanywa na mama yake na dada zake. Sisi hatuna haja ya kuelezwa maana ya arobaini. Sahani ya uji wa pilipili manga na maji ya moto ya kukandwa vingejulikana mara moja kwa bibi wa Meksiko, ingawa hakupata kuisikia Mombasa wala Lamu.

Ilikuwaje basi kwa mabinti? Kati ya mwaka 1982 na 1984 ulifanywa uchunguzi mkubwa wa afya ya Walatino: wenye asili ya Meksiko katika majimbo matano ya kusini magharibi, Wakuba wa eneo la Miami, na wa Puerto Rico katika eneo la New York. Mtafiti Sylvia Guendelman na wenzake waliyachambua majibu ya wanawake wenye asili ya Meksiko, na mwaka 1990 wakaeleza kwamba kizazi cha pili, kilichozaliwa Marekani, kilikuwa na elimu zaidi na hali nzuri zaidi kuliko mama zao, na pamoja na hayo kilikuwa na watoto wenye uzito pungufu wengi zaidi. Tafiti zilizofuata zimeonyesha jambo hilo hilo katika uvutaji: Mlatino aliyezaliwa Marekani huvuta akiwa na mimba mara kadhaa zaidi kuliko aliyezaliwa ng’ambo. Binti amepata shule, amepata bima, amepata kliniki ya karibu na nyumba, na amepoteza kitu ambacho mama yake hakujua kwamba anacho.

Watafiti hupima mabadiliko hayo kwa kuuliza mtu amezaliwa wapi na nyumbani anasema lugha gani. Kwa maoni yetu kipimo hicho ni butu. Lugha haiwashi sigara. Msichana wa miaka 14 anayesema Kiingereza shuleni Los Angeles hapewi sigara na Kiingereza. Anapewa na rafiki, nyuma ya uwanja, saa ambayo mama yake yuko zamu ya pili kiwandani na bibi yake yuko Michoacán. Na sigara hiyo ya miaka 14 haingoji ndoa wala mimba. Mimba itakapokuja, miaka minane au kumi baadaye, itamkuta na uraibu uliokwisha kukomaa, na hapo kumwambia ‘acha kwa ajili ya mtoto’ ni rahisi kwa msemaji tu.

Wafanyabiashara nao hawakulala. Mwaka 1968 kampuni ya Philip Morris ilitoa sigara ya Virginia Slims, nyembamba, iliyotengenezwa kwa ajili ya wanawake na kutangazwa kama alama ya uhuru wao. Baadaye zikatolewa sigara zenye majina ya Kihispania, kama Rio na Dorado, zikilengwa kwa Walatino, na makampuni ya tumbaku yakadhamini hata sherehe zao za utamaduni. Tunataka wasomaji walitazame vizuri jambo hilo. Mhamiaji anaona fahari jina la lugha yake linapoandikwa kwenye bidhaa nzuri katika nchi inayomdharau, na fahari hiyo ndiyo iliyouzwa kwake ndani ya pakiti.

Lakini hatuwezi kuitupa lawama yote nje. Kuna jambo la ndani, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Katazo lile la sigara lilikuwa la wanawake peke yao. Baba alivuta sebuleni, kaka alivuta barazani, na binti aliambiwa kwamba sigara ni aibu kwa mwanamke. Hakuambiwa kwamba ni sumu. Madhali binti yuko kijijini, ambako kila mtu anaamini hivyo, neno hilo linatosha. Mhamishe umweke Chicago, asome katika darasa moja na wavulana, afanye kazi moja nao, naye atauliza swali ambalo halina jibu: kama ni aibu kwangu, mbona si aibu kwa kaka? Tafiti zinaonyesha kwamba kuzoea maisha ya Marekani huongeza uvutaji kwa wanawake wa Kilatino, ilhali kwa wanaume wao athari hiyo haionekani hivyo. Wanaume walikuwa wakivuta tangu huko walikotoka. Waliobadilika ni mabinti, waliojenga ulinzi wao juu ya heshima ya mwanamke, na nchi mpya ikawaambia kwamba heshima ya namna hiyo ni kifungo.

Iko na dosari ya pili, ambayo ni kubwa zaidi kwa aliyekwisha kunaswa. Aibu humlinda ambaye hajaanza. Aliyeanza humfungia mlango. Binti wa Kilatino anayevuta akiwa mja mzito huvuta chooni akifungua dirisha, hutafuna peremende ya mnanaa, na kliniki akiulizwa husema hapana. Akisema ndiyo mbele ya mama yake aliyemsindikiza, amevunja nyumba. Wataalamu wanajua kwamba hesabu za uvutaji katika mimba huwa pungufu kwa sababu ya wanaoficha. Wamegundua pia hila njema. Swali la ‘unavuta au huvuti’ hufukuza ukweli, lakini mwanamke akipewa majibu ya kuchagua, mathalan ‘nilikuwa navuta, nikaacha nilipojua nina mimba’, au ‘nimepunguza’, au ‘navuta kama zamani’, wengi zaidi hujieleza, kwani wanaona kuna mahali pa kusimama baina ya mwema na mwovu. Mama na mawifi nao wangeweza kujifunza kuuliza hivyo.

Wenyewe Walatino wamebuni njia nyingine. Katika mitaa yao wako wanawake waitwao promotoras, ambao si madaktari wala wauguzi, bali ni majirani waliofunzwa mambo ya afya, wanaobisha hodi, wanakaa jikoni na kuzungumza kwa lugha ya nyumbani. Aghalabu ni mama wa makamo aliyelea wake mwenyewe, na anachokisikia jikoni hakifiki msikitini kwetu wala kanisani kwao. Kwa yule aliye mbali na bibi yake, mwanamke huyu hukaa mahali pa bibi, isipokuwa kwamba yeye anajua sababu ya katazo na anaweza kuieleza. Tumependa khasa kwamba hawamtengi binti anayevuta.

Hapa kwetu pwani, mwanamke mwenye sigara mdomoni bado hutazamwa kwa jicho kali, na wengi hudhani kwa hivyo tumesalimika. Lakini tumeona tambuu iliyotiwa tumbaku ikitafunwa na waja wazito bila ya mtu kunena neno, kwa kuwa haina moshi na bibi alikuwa akiitafuna, wakati nikotini iliyomo ni ile ile. Na tumesikia mabinti wakisema shisha si sigara, ni matunda na maji. Makaa yanayowaka juu ya ile shisha hutoa kaboni monoksidi kwa wingi, na yale maji hayaichuji.

Neno letu la mwisho ni kwa wanaume wanaosoma safu hii kwa kuazima gazeti la wake zao. Moshi wa mume unaovutwa na mke katika chumba kimoja hupunguza uzito wa mtoto pia, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko kuvuta kwake mwenyewe. Katika nyumba za Walatino wengi, na katika nyumba zetu nyingi, huo ndio moshi pekee unaomfikia mja mzito, na mke huona vibaya kumtoa mumewe nje usiku. Fomu ya cheti cha kuzaliwa inayotumika Marekani, ambayo kufikia mwaka 2016 ilikuwa imepokewa na majimbo yote, humuuliza mama alivuta sigara ngapi kwa siku katika miezi mitatu kabla ya mimba, kisha katika kila miezi mitatu ya mimba yenyewe. Kuhusu sigara za baba haina hata mstari mmoja.